Jinsi ya kufuatilia picha ya mateka wa vita mpaka ujue mwisho wake

Shangazi alinikabidhi picha hiyo nyumbani kwake Tabora. Ilikuwa imefungwa kwa kipande cha kanga kuukuu ndani ya kopo la biskuti. Wanaume wanne wameketi chini, migongo yao kwenye ukuta wa udongo, na wa tano amesimama pembeni na bunduki. "Huyu wa pili kutoka kushoto ni babu yake baba yako," akaniambia. "Mwingereza alimkamata, vita vya Mdachi." Mdachi ni Mjerumani, na vita hivyo ni Vita Kuu ya Kwanza.

Miezi niliyoishughulikia picha hiyo ilinifunza utaratibu ninaouandika hapa, kwa ajili ya yeyote mwenye picha ya namna hiyo: askari aliyetekwa, akapigwa picha na waliomteka, kisha hakuna ajuaye kilichompata. Yaweza kuwa picha ya ukoo wenu. Yaweza pia kuwa picha maarufu uliyoiona mtandaoni ukabaki unajiuliza yule kijana aliishia wapi. Njia ni ileile.

Nianze na jambo ninaloliamini kuliko yote katika kazi hii. Kumpa mtu wa kwenye picha jina lisilo lake ni kumpoteza mara ya pili. Tena humpotezi mmoja tu: mwenye jina naye anapotea, kwa sababu ndugu zake wataacha kumtafuta mahali alipo kweli. Hatua zote zilizo hapa chini zinalinda jambo hilo moja.

Hatua ya 1: Inakili picha pande zote mbili

Usianze na uso. Anza na mgongo wa picha. Nawa mikono, kausha, shika picha kwenye kingo. Usiipeleke kwenye duka la steshenari kuwekewa plastiki ya moto, maana hiyo haitoki tena, na usibandike selotepu hata pale ilipochanika. Iskani mbele na nyuma kwa nukta 600 kwa inchi au zaidi. Kama huna mashine, ipige kwa simu karibu na dirisha, bila mwanga wa flashi, simu ikiwa sawasawa juu yake. Nakala ya kwanza iweke kando na usiiguse kamwe. Kazi yote fanya kwenye nakala ya pili.

Kisha zima taa, laza tochi ya simu mezani ili mwanga upite ubavuni mwa karatasi, na usome nyuma. Penseli iliyofutika huacha mfereji, na mfereji huo hutupa kivuli.

Nyuma ya picha ya shangazi pameandikwa "Tabora 191", halafu pembe imeliwa na mende. Tarakimu ya mwisho imebaki kiduara tu. Je, ni kiduara cha 6 au cha 9? Hapo ndipo kila kitu kinaposimama. Tabora ilitwaliwa tarehe 19 Septemba 1916, na walioitwaa si Waingereza bali Wabelgiji na askari wao wa Kongo, Force Publique, chini ya Jenerali Charles Tombeur. Kama mwaka ni 1916, yule aliyesimama na bunduki huenda ametoka ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, na "Mwingereza" wa shangazi hayumo kabisa. Kama ni 1919, hawa huenda ni askari wa von Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Kijerumani Afrika Mashariki, waliosalimu amri Abercorn, mji ambao leo ni Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, kisha wakapelekwa kuzuiliwa Tabora.

Nililinganisha kiduara kile na 9 ya kwanza kwenye mwaka huohuo, maana mkono ni mmoja. Mwandishi yule alikuwa akiining'iniza 9 yake juu, kichwa kikiwa sawa na kichwa cha 1. Kiduara kilichobaki nacho kiko juu, palepale. Cha 6 kingekaa chini kwenye mstari. Kwa hiyo huenda ni 1919, na shangazi huenda alikuwa sahihi kuhusu Mwingereza. Kuhusu babu, bado.

Hatua ya 2: Uliza nani alishika kamera, na alitaka nini

Mateka hakujichagulia kupigwa picha. Karibu kila picha ya aina hii imepigwa na adui yake, na adui alikuwa na sababu. Yawezekana ni mpiga picha wa jeshi aliyetumwa kuonyesha ushindi, au karani wa kambi aliyehitaji uso wa kubandika kwenye kadi, au askari wa kawaida mwenye kamera yake ndogo aliyetaka kumbukumbu ya kupeleka nyumbani. Kila mmoja huacha nyaraka za aina tofauti, kwa hiyo ukijua ni nani, umejua pa kwenda kubisha hodi.

Mpiga picha wa jeshi huacha daftari lenye tarehe, mahali na namba ya filamu. Picha zake ziko kwenye makumbusho na hifadhi za nyaraka za taifa: Imperial War Museum mjini London, Bundesarchiv ya Ujerumani, Australian War Memorial mjini Canberra, hifadhi ya taifa ya Marekani. Maelezo yake ya asili yasome kama maneno ya mtu mwenye upande. Bundesarchiv yenyewe huwatahadharisha watumiaji kwamba maelezo ya asili ya picha zake za wakati wa vita yanaweza kuwa na makosa au kuegemea upande mmoja, kwa kuwa mengi yaliandikwa na watu wa propaganda.

Picha za askari wa kawaida ni ngumu zaidi kuzipata, lakini mara nyingi ndizo zenye ukweli mchungu. Juni 1940, huko Chasselay karibu na Lyon, Wajerumani waliwateka askari wa kikosi cha 25 cha Tirailleurs Sénégalais, Waafrika waliokuwa wakiipigania Ufaransa. Waliwatenga na wenzao weupe, wakawapeleka uwanjani, wakawaua takriban hamsini kwa bunduki za mashine na vifaru. Kwa miaka mingi habari hiyo ilishikiliwa na ushahidi wa maneno na makaburi. Kisha mkusanyaji mmoja kijana akanunua albamu ya zamani ya mwanajeshi wa Kijerumani, na ndani yake mlikuwa na picha za siku ile: mateka wakiwa hai, kisha uwanja. Mwanahistoria Julien Fargettas alizilinganisha na mahali penyewe na kumbukumbu za kikosi, na mwaka 2020 zikajulikana kwa watu wote. Mpiga picha hakukusudia kutoa ushahidi. Alikuwa anajipigia kumbukumbu tu.

Kwa hiyo albamu usiivunje. Ukikutana na picha moja inayouzwa kutoka kwenye albamu, uliza ukurasa uliotangulia na ule unaofuata. Muuzaji anayezichomoa moja moja ili apate fedha zaidi anakata mnyororo ambao hautaungwa tena.

Hatua ya 3: Soma vilivyovaliwa, lakini usiviamini peke yake

Andika kwenye karatasi kila unachokiona kabla hujafungua intaneti: kofia, vifungo, alama za bega, mshipi, viatu au miguu mitupu, aina ya bunduki, mimea, ukuta, kivuli kinaelekea wapi. Askari wa Mdachi walivaa tarbushi yenye kitambaa cha kaki, na mbele tai wa bati. Alama ndogo kama hiyo yaweza kukupa jeshi, wakati mwingine hata kikosi.

Sasa tahadhari. Waliposalimu amri pale Abercorn, watu wa Lettow-Vorbeck walikuwa wamepigana miaka minne bila shehena ya kutosha kutoka kwao. Bunduki walizozikabidhi zilikuwa karibu zote za Kireno na za Kiingereza, walizoziteka njiani. Anayeiangalia picha yao leo na kusema "hii ni bunduki ya Kireno, basi huyu ni askari wa Mreno" atakuwa amekosea kwa kutumia akili yake vizuri. Vitani nguo huvaliwa na aliyezipata. Mateka naye huvuliwa koti, viatu, mshipi na kofia mapema sana, kwa hiyo unachokiona mwilini mwake huenda ni kile tu ambacho hakuna aliyekitaka.

Na usiitie picha kwenye zile programu za akili mnemba zinazong'arisha sura. Programu haioni jicho lililofifia. Inachora jicho jipya. Uso utakaoupata utakuwa mzuri na wazi, lakini si uso wa mtu aliyewahi kuzaliwa. Nimeona nyuso za namna hiyo zikiwekwa kwenye ukuta wa sebule za watu na kusalimiwa kama babu.

Hatua ya 4: Tafuta ndugu za picha

Tumia Google Lens na TinEye kutafuta nakala nyingine, na usiishie kwenye matokeo ya kwanza. Unachotaka ni nakala ya zamani kuliko zote, iliyo kubwa kuliko zote na isiyokatwa kingo. Mara nyingi jibu liko kwenye sehemu iliyokatwa.

Mfano mkubwa ni picha ya Heinrich Himmler, mkuu wa SS, jeshi la chama cha Hitler, akiwa mbele ya uzio wa waya, akitazamana na mateka kijana aliye upande wa pili. Iliwahi kuenezwa duniani kwamba kijana yule ni Horace Greasley, Mwingereza aliyetekwa Mei 1940, na alipofariki Februari 2010 picha hiyo ilichapishwa pamoja na tanzia yake. Ni hadithi tamu: mfungwa aliyemkodolea macho mkuu wa SS. Lakini fuata picha mpaka kwenye chimbuko lake. Hifadhi ya taifa ya Marekani inaieleza kuwa ni Himmler akikagua kambi ya mateka huko Urusi. Himmler alikuwa Minsk katikati ya Agosti 1941, na kijana wa kwenye waya amevaa kama askari wa jeshi la Soviet. Greasley alikuwa mbali na hapo, Silesia.

Angalia hasara yake. Greasley hahitaji picha hiyo: aliishi, alirudi kwao, alizeeka, tunajua alikofia. Aliyepokonywa ni yule kijana. Katika vita vile Wajerumani waliteka wanajeshi wa Soviet takriban milioni 5.7, na takriban milioni 3.3 kati yao walikufa mikononi mwao kwa njaa, baridi, maradhi na risasi. Waliotekwa mwaka 1941 ndio waliokufa kwa wingi zaidi, wengi kabla ya msimu wa baridi kwisha. Uso huo mmoja ulio wazi ungeweza kusimama kwa ajili yao, na kwa miaka mingi tuliuita jina la mtu mwingine.

Hatua ya 5: Kutoka mahali nenda kwenye kikosi, kutoka kikosi nenda kwenye orodha

Jina halitokani na uso. Linatokana na orodha. Ukishapata mahali na tarehe, hata kwa kukadiria, tafuta ni kikosi gani kilitekwa hapo siku hizo, halafu tafuta orodha ya watu wa kikosi hicho. Hapo ndipo utafutaji unapopungua kutoka bahari kuwa kisima.

Kwa Vita Kuu ya Kwanza, mlango mkubwa uko Geneva. Agosti 1914 Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu ilianzisha ofisi ya kufuatilia mateka, na makarani wake waliandika kadi takriban milioni 7 kwa mkono na kwa taipu. Kadi hizo zimewekwa mtandaoni na unaweza kuzipekua bila malipo. Zimepangwa kwa taifa na kwa jina la ukoo, kwa hiyo jaribu kila tahajia unayoweza kuifikiria. Karani wa Geneva aliandika alivyosikia. Kwa Vita vya Pili unapeleka maombi kwao rasmi, na unatakiwa uvumilie.

Kwa askari wa Kijerumani, kumbukumbu za jeshi zilizokuwa zikitunzwa na ofisi iliyojulikana kama WASt mjini Berlin ziko chini ya Bundesarchiv tangu mwaka 2019. Makaburi yao yanatafutwa kupitia Volksbund, shirika la Kijerumani la makaburi ya vita. Waliokufa upande wa Uingereza na makoloni yake wanatafutwa kwenye tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola, CWGC. Mateka wa Uingereza na washirika wake walioshikwa na Ujerumani wana kadi zao kwenye hifadhi ya taifa ya Uingereza huko Kew, fungu WO 416. Mateka wa Soviet wanapatikana kwenye kanzidata ya Kirusi ya OBD Memorial, ambamo kadi za kambi za Kijerumani zimeskaniwa zenyewe.

Ukiweza, fungua moja ya kadi hizo hata kama humtafuti mtu yeyote. Utaona picha ndogo ya mtu, namba yake ya kambi, alama ya kidole gumba kwa wino, urefu, rangi ya nywele, jina la mama kabla hajaolewa, na anwani ya ndugu wa kupashwa habari. Pembeni ni mihuri ya kambi alizohamishwa, moja baada ya nyingine. Mara nyingi kuna mstari mmoja wa mwisho wenye tarehe, na mwandiko wake hautofautiani na ule wa mihuri mingine.

Kwa askari wetu wa Afrika Mashariki hali ni nyingine, na ni haki nikueleze mapema usije ukavunjika moyo. Askari wa Mdachi na askari wa Keya (King's African Rifles, jeshi la Mwingereza) waliandikwa kwa jina moja, lililoharibiwa tahajia, bila ukoo wala kijiji. Wapagazi waliandikwa kwa namba, au hawakuandikwa. Aprili 2021 CWGC yenyewe ilitoa ripoti ikikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, waliokufa katika vita ile hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa, na kwamba idadi huenda ikafika 350,000. Kwa hiyo kukosa jina la babu yako kwenye kanzidata hakuthibitishi kwamba hakuwepo. Nenda Hifadhi ya Nyaraka za Taifa Dar es Salaam, ambako mafaili ya utawala wa Kijerumani yapo. Nenda Nairobi kwa mambo ya Keya na Kariakoo, yaani kikosi cha wapagazi cha Mwingereza (Carrier Corps). Tazama mkusanyo wa picha za kikoloni wa maktaba ya Chuo Kikuu cha Frankfurt, uliowekwa mtandaoni. Na zungumza na wazee ukiwa na kinasa sauti. Uliza kama nyumbani paliwahi kuwa na cheti cha Mdachi. Vyeti hivyo vilitunzwa kwa makini sana kwa sababu mishahara ya miaka ya mwisho ya vita haikulipwa, na askari wazee walikuwa bado wanaidai miaka mingi baadaye. Mwaka 1964 Ujerumani Magharibi iliamua kuwalipa waliokuwa bado hai.

Hatua ya 6: Usimwache langoni mwa kambi

Watafutaji wengi hufika kwenye kutekwa wakadhani wamemaliza. Kutekwa ni mwanzo. Baada ya hapo kuna safari, kambi, kazi, maradhi, kubadilishana wafungwa, kurudishwa makwao, na mapokezi ya huko makwao, na mtu anaweza kupotelea popote kati ya hapo.

Safari peke yake iliua wengi. Tarehe 28 Novemba 1942 meli ya Kiingereza Nova Scotia ilizamishwa karibu na pwani ya Natal na nyambizi ya Kijerumani U-177, ikiwa imebeba mamia ya Waitaliano waliokamatwa Eritrea na Ethiopia. Walikufa watu zaidi ya 800. Ukiwa na picha ya Mtaliano aliyetekwa upande huo halafu hana kambi baada ya Novemba 1942, tazama orodha ya meli hiyo kabla ya kitu kingine.

Waliobahatika kufika Kenya wameacha alama unazoweza kuzigusa. Kanisa dogo lililo kando ya barabara ya kuteremka Mai Mahiu walilijenga wao mwaka 1942, walipokuwa wakichonga barabara hiyo. Mtemi (Duke) wa Aosta, mkuu wa majeshi ya Italia Afrika Mashariki, aliyesalimu amri Amba Alagi Mei 1941 na kupigwa picha nyingi akitoka mlimani, alikufa Nairobi tarehe 3 Machi 1942 akiwa mateka, kwa malaria na kifua kikuu. Amelazwa Nyeri kwenye kanisa la ukumbusho wa Waitaliano, na ndani ya kuta zake yamo mabaki ya askari wenzake mamia. Ukiwa upande huo, majina ukutani yanasomeka; beba orodha yako.

Halafu kuna kurudi. Baada ya Stalingrad, Februari 1943, Warusi walipiga picha misururu mirefu ya Wajerumani wakitembea kwenye theluji. Walikuwa takriban 91,000, na waliorudi Ujerumani ni kati ya elfu tano na sita tu, wa mwisho wao mwaka 1955 na 1956. Kwa hiyo anayekuambia "hayumo kwenye waliorudi 1946, basi alikufa" anafunga faili miaka kumi kabla ya wakati wake.

Kwa Tirailleurs walionusurika kambi za Wajerumani, ambazo nyingi zilikuwa ndani ya Ufaransa, mwisho wengine uliwakuta nyumbani. Walirudishwa Senegal Novemba 1944 wakadai malimbikizo ya mishahara yao ya utekani. Alfajiri ya tarehe 1 Desemba, katika kambi ya Thiaroye nje ya Dakar, jeshi la Ufaransa likawafyatulia risasi. Serikali ilitaja watu 35. Wanahistoria wanasema ni wengi zaidi, baadhi yao wakikadiria mamia, na ilichukua miaka 80 mpaka rais wa Ufaransa, Novemba 2024, akaita tukio hilo kwa jina lake: mauaji ya halaiki. Mtu anayetafuta mateka wa 1940 akaishia kwenye orodha ya waliokombolewa na Wamarekani mwaka 1944 ataandika "alinusurika", naye atakuwa amekosea kwa wiki chache.

Wapo pia walioishi na kunyamaza. Kazuo Sakamaki, ofisa wa jeshi la majini la Japani, alikamatwa kwenye ufuo wa Oahu, Hawaii, siku moja baada ya shambulio la Pearl Harbor, baada ya nyambizi yake ndogo kukwama mwambani. Katika picha yake ya utekani mashavu yana madoa: alijiunguza kwa sigara kabla ya kupigwa picha, kwa aibu ya kutekwa akiwa hai. Kwao Japani wenzake tisa waliokufa kwenye nyambizi ndogo za shambulio lile walitukuzwa kama miungu ya vita, na yeye aliondolewa kwenye hesabu kana kwamba waliondoka tisa tu. Ungemtafuta kwenye orodha za mashujaa usingempata; ungemtafuta makaburini usingempata pia. Alirudi, akafanya kazi Toyota, akaiongoza kampuni hiyo nchini Brazil, na mwaka 1991 alisimama tena mbele ya nyambizi yake huko Texas akalia. Alifariki 1999.

Hatua ya 7: Mashahidi wawili ndipo jina

Sasa una jina mkononi. Kabla hujaliandika, litafutie mashahidi wawili wasiofahamiana: karatasi mbili zilizoandikwa na watu tofauti, katika sehemu tofauti, ambazo zote zinamfikisha mtu huyo mahali pale siku ile. "Anafanana" si shahidi. Kumbukumbu ya familia ni shahidi mmoja wa heshima, lakini ni mmoja.

Aprili 1944, karibu na Hollandia katika kisiwa cha New Guinea, wanajeshi wa Marekani walikuta picha kwenye maiti ya Mjapani. Ndani yake mzungu amepiga magoti, amefungwa kitambaa machoni, na nyuma yake ofisa ameinua upanga. Magazeti yakaichapisha. Watu wengi wakaamini ni Luteni wa anga William Newton, rubani wa Australia aliyetunukiwa Msalaba wa Victoria, nishani ya juu kabisa ya ushujaa, kwa sababu ilikuwa imeshajulikana kwamba Newton aliangushwa Machi 1943, akatekwa na kukatwa kichwa Salamaua. Kila kitu kilielekea kuafikiana: taifa, namna ya kuuawa, nchi yenyewe.

Ila picha haikuwa ya Salamaua. Uchunguzi wa baada ya vita uliipeleka Aitape, mamia ya kilomita upande wa magharibi, tarehe 24 Oktoba 1943. Aliyepiga magoti ni Sajenti Leonard Siffleet, fundi wa redio wa kikosi cha siri, mzaliwa wa Gunnedah, umri wake miaka 27. Alitekwa pamoja na wenzake wawili wa Ambon waliokuwa wakiwatumikia Waholanzi, Pattiwal na Reharing, nao wakauawa naye ufukoni. Aliyeinua upanga, Yasuno Chikao, ndiye aliyeagiza picha ipigwe.

Rudi kwenye picha hiyo ukiwa na habari hizi. Kwa muda wote iliyoitwa Newton, Siffleet alikuwa mtu aliyepotea tu porini. Newton ana kaburi huko Lae. Siffleet hana, jina lake limeandikwa kwenye ukuta wa ukumbusho hapohapo Lae. Picha ile ndiyo mahali pekee ambapo tunaweza kumkuta, na ilikuwa imepewa mtu mwingine. Na mpaka leo wapo wanaoirusha bila kuwataja Pattiwal na Reharing, kwa kuwa hawaonekani ndani ya fremu.

Ukipata shahidi mmoja tu, andika "inasemekana". Ukikosa kabisa, andika "jina halijulikani". Huko si kushindwa. Atakayekuja baada yako akikuta nafasi tupu ataendelea kutafuta. Akikuta jina atapita.

Hatua ya 8: Kabla ya kuirusha

Tangu mkataba wa Geneva wa 1929, ibara ya 2, na tena katika mkataba wa tatu wa 1949, ibara ya 13, mateka analindwa dhidi ya matusi na dhidi ya kufanywa tamasha la macho ya watu. Kwa picha za vita vya zamani swali ni la adabu: je, ndugu wapo, wanajua, wameulizwa? Ukimpata mjukuu, usimtumie picha ya kifo kwenye simu bila kumwandaa. Mweleze kwanza kwa maneno kilichomo, kisha mwachie aamue kama anataka kuiona.

Kwa vita vinavyoendelea, iwe mashariki mwa Kongo, Sudan au Ukraine, jibu langu ni kali zaidi: usiirushe. Uso wa kijana aliyetekwa jana ni hatari kwake na kwa nyumba yao. Huenda akaachiwa, huenda akarudishwa kijijini ambako watu wameshaona video yake akilazimishwa kusema maneno. Kama ni ndugu yako uliyemwona, ihifadhi picha yenyewe pamoja na anwani ya mahali ulipoikuta na tarehe, halafu nenda kwenye chama cha Msalaba Mwekundu cha nchi uliko uombe huduma ya kutafuta ndugu. Huduma hiyo haina malipo, na wao wana njia ya kuuliza ndani ya kambi ambayo wewe huna.

Hatua ya 9: Iandikie bahasha

Picha iweke kwenye bahasha ya karatasi isiyo na asidi. Andika maelezo juu ya bahasha kwa penseli kabla hujaiingiza picha ndani. Tenga mambo matatu: kinachoonekana, kinachosomeka, kinachosemwa. Weka jina lako na tarehe ya kuandika, ili atakayekuja ajue ni nani alisema nini lini.

Yangu inasomeka hivi:

"Wanaume wanne wameketi chini mbele ya ukuta wa udongo, wa tano amesimama na bunduki. Nyuma, kwa penseli: Tabora 191–, tarakimu ya mwisho imeharibika, kwa mwandiko huenda ni 9. Huenda ni askari wa jeshi la Kijerumani waliozuiliwa Tabora na Waingereza baada ya kusalimu amri Abercorn, 25 Novemba 1918. Wa pili kutoka kushoto: kwa mujibu wa shangazi, ni babu yake baba, hakuna karatasi iliyothibitisha. Wa kwanza, wa tatu, wa nne na aliyesimama: majina hayajulikani, hayajatafutwa na ukoo wowote tunaoujua."

Nilimsomea shangazi kabla ya kuifunga. Nilipofika kwenye wale wengine alinyamaza kidogo, akaichukua picha, akaisogeza karibu na dirisha, akaanza kuwatazama mmoja mmoja. Kisha akaniambia kuna mzee upande wa Ng'ambo, naye ana kopo kama lake, nikamwone.